Pombe Isiyojua Kungoja

Bia ya Serengeti inanywewa nchi nzima, lakini haipikwi Serengeti. Viwanda vyake viko Dar es Salaam, Mwanza na Moshi, na mpaka ifike kaunta ya baa pale Mugumu, wilayani Serengeti, imeshakula vumbi la safari ndefu ndani ya lori. Inaweza kukaa stoo miezi kadhaa na isibadilike. Pombe inayopikwa Serengeti kwenyewe, na katika wilaya jirani ya Tarime, haina chupa wala nembo. Ina mwenyewe tu. Ukiuliza iko wapi leo, utaambiwa iko kwa mama fulani, nyuma ya soko. Wiki ijayo utaelekezwa kwa mama mwingine.

Pombe hiyo ina kasoro moja ambayo hakuna kiwanda kingeivumilia: haijui kungoja. Ikiiva leo, inywewe leo au kesho. Ikivuka hapo inakuwa kali na chachu, na siku inayofuata ni ya kumwaga. Wengi wanaiona kasoro hiyo kuwa dalili ya uduni. Mimi naiona kuwa ndiyo iliyoulea ufundi wenyewe, ikauacha mikononi mwa wanawake, na ikawalazimisha wanywaji kuketi pamoja.

Mambo huanza na ulezi. Nafaka hii ndogo ni mwenyeji wetu hasa. Ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia maelfu ya miaka iliyopita, kisha ikavuka bahari hadi India. Mahindi, ambayo leo yanatawala mashamba ya Tarime, ni mgeni kutoka Amerika. Mpishi wa pombe anaujua ulezi kwa sifa mbili. Kwanza, hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa, maana punje yake ni ndogo mno kwa fukusi kuifanya nyumba. Pili, ukioteshwa hutoa kimea chenye nguvu ambayo mahindi hayaifikii.

Kuotesha kwenyewe ni kazi ya jicho na kidole. Ulezi huloweshwa, hutolewa maji, kisha hufunikwa ndani ya gunia mahali penye joto. Punje zikiamka na kutoa vijimizizi vyeupe, mama hufunua, huonja moja kwa meno, hufunika tena. Akiuwahi mno, ndani ya punje bado kuna unga mtupu usiokuwa tayari kuwa sukari. Akiuchelewa, mche unakula utamu wote ambao ulipaswa kwenda chunguni. Ikifika saa yake, ulezi huanikwa juani, husagwa, na kimea kiko tayari. Jua likigoma siku mbili mfululizo, kama linavyogoma milimani Tarime wakati wa masika, kimea huota ukungu, na fundi wa kweli hukitupa hata kama kimegharimu debe zima.

Wakati kimea kinakauka, unga wa mahindi, au wa muhogo na mtama kwa walio sehemu kame zaidi, umeshakandwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku kadhaa. Kisha unakuja mchana wa bati. Juu ya mafiga huwekwa bati pana au pipa lililopasuliwa, na ule unga mbichi hukaangwa kidogo kidogo, ukigeuzwa bila kupumzika, mpaka ugeuke chenga za rangi ya kahawia. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Moshi unauma macho, moto ukizidi unga unaungua na pombe nzima itakuwa chungu, moto ukipungua unabaki mbichi katikati. Harufu ya bati hilo hufika mbali. Ndiyo tangazo la kwanza kwamba mtaani kuna jambo.

Chenga zikipoa huingia mtungini pamoja na maji na kimea. Hapo ndipo kazi inapotoka mikononi mwa mtu na kuingia kwa viumbe wasioonekana. Kimea kinaugeuza wanga kuwa sukari, na hamira inaila sukari hiyo na kuacha kileo. Hamira hii haikununuliwa dukani. Imekuja na kimea chenyewe, na nyingine imejificha katika kuta za mtungi tangu mapishi yaliyopita. Ule uchachu wa mwanzoni unawafukuza wadudu wengi wabaya, ndiyo maana pombe hii huiva salama bila dawa yoyote. Maji yakiwa ya moto mno, kimea kinakufa. Yakiwa baridi mno, hakuna kinachotokea. Hakuna kipimajoto hapa. Mama huingiza mkono, na mkono husema. Huko milimani, kwenye baridi ya Tarime, mtungi hucheleweshwa na usiku. Kwenye joto la bonde la mto Mara huwahi kuiva, na ni yeye anayepaswa kujua tofauti hiyo kabla mteja hajaja na kikombe.

Ikiiva, huchujwa na kunywewa kwa vikombe au vibuyu, ama huachwa na machicha yake ndani ya chungu, ikaongezwa maji ya moto na kunyonywa kwa mirija mirefu. Watu wa Mesopotamia walichongwa wakinywa kwa namna hiyohiyo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wamekizunguka chungu kimoja. Kileo chake ni kidogo, chini ya kile cha bia nyingi za chupa, na uzito wake ni wa chakula. Mtu aliyetoka shambani akinywa vikombe viwili husema ameshiba, wala hasemi uongo.

Adabu ya kunywa nayo ni sehemu ya ufundi. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya watu. Anayeona ni mzaha hajaelewa: ni hati ya dhamana, inayotolewa kwa tumbo la mtengenezaji. Baada ya hapo watu huketi kwa mpango. Wakurya, wenyeji wa huku, wamejipanga kwa marika na vizazi, wakiwa na mizunguko miwili ya vizazi iitwayo Saai na Chuma, na kila mtu anajua nani ni wa kumheshimu na nani ni wa kumtania. Baba na mwana hawakai bega kwa bega kwenye mtungi, na mkwe hamkaribii mkwewe. Babu na mjukuu, kinyume chake, hutaniana mpaka benchi linatikisika. Kijana anayejisahau huambiwa, “Mura, sogea, mzee akae,” na husogea. Ikiwa kuna mpigaji wa litungu, kinubi cha nyuzi nane ambacho kimeutangaza Ukurya kuliko mbuga zake, basi habari za ng'ombe, mipaka na harusi husikika kwa sauti ya chini nyuma ya nyuzi hizo.

Zamani, na hata leo katika vijiji kadhaa, pombe haikuwa ya kuuza tu. Mwenye shamba kubwa na mikono michache aliita risaga: majirani wakaja na majembe, wakalima hadi jua la mchana, na jioni wakaukuta mtungi umeiva. Ndiyo maana siku ya kulima ilipangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuiva. Pombe isiyojua kungoja iliwafundisha watu kutimiza ahadi. Aliyeahidi kuja Alhamisi alikuja Alhamisi, kwa kuwa Jumamosi kusingekuwa na kitu.

Nikitaka kuona mwisho wa hadithi hii ukienda njia nyingine, ninatazama Uingereza. Hadi karne ya 15 sehemu kubwa ya pombe ya nchi hiyo ilipikwa na wanawake majumbani. Haikudumu zaidi ya siku chache. Aliyemaliza kupika alichomoza mti mrefu wenye kichaka cha majani mbele ya nyumba ili wapita njia wajue, na waonjaji waliochaguliwa na jamii walipita kukagua ubora na bei. Kisha wafanyabiashara wa ng'ambo, kutoka Uholanzi na Flandria, wakaleta hopsi, maua machungu yanayoizuia pombe isiharibike. Pombe ikajifunza kungoja. Iliyoweza kungoja iliweza kusafiri. Iliyosafiri ilihitaji mapipa, mikokoteni na mtaji. Na mtaji ulikuwa wa wanaume. Wale wapishi wanawake wakapungua kizazi baada ya kizazi, mpaka wakabaki katika michoro ya dhihaka.

Mnamo 1971 Waingereza wanne walianzisha chama cha CAMRA kutetea pombe inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lake hadi inapomiminwa, bila kusukumwa kwa gesi. Leo wapenzi wake huendesha magari hadi vijijini kutafuta baa ya zamani yenye pombe kama hiyo, nao humsifu mwenye baa kwa jinsi anavyolitunza pipa na kujua saa ya kulifungua. Ujuzi wanaoulipia nauli ni uleule alionao mama wa Tarime anayefunua gunia na kuonja punje. Tofauti ni kwamba wao waliupoteza kwanza, ndipo wakaupenda.

Sitaki kusifu kwa kufumba macho. Kuna wanaume wanaoamkia kilabuni, na kuna nyumba ambazo machungu yake yanaanzia kwenye benchi lile. Kuna pia gongo, pombe kali ya kukeneka iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, ambayo jirani zetu wa Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, wanaiita chang'aa. Hiyo ni kazi nyingine, na wanaozitia zote kapu moja wanamwonea mpishi wa ulezi. Tena nafaka mbovu haisamehe mtu. Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kidole kwa bakteria waliokuwa wameuharibu unga wa mahindi na kutoa sumu. Mwaka uliofuata, hapa kwetu Dodoma na Manyara, sumukuvu ya mahindi iliua watu waliokuwa wakila ugali tu. Kwa hiyo yule mama anayekitupa kimea chenye ukungu, huku roho ikimuuma kwa debe lake, ana uhai wa kijiji mkononi.

Hapo ndipo tunapomkosea. Fedha ya ng'ombe katika nyumba nyingi za Mara ni ya baba. Fedha ya pombe, kwa desturi, hubaki kwa mama, nayo ndiyo daftari, sare na mafuta ya taa. Hata hivyo serikali za mitaa humfikia kwa mambo mawili: ushuru, na siku ya msako, mitungi yake kumwagwa barabarani. Fundi seremala hapewi heshima ya namna hiyo, wala mwokaji mikate.

Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kufanya vingine bila gharama kubwa. Zimpe maji safi karibu na kilabu, sakafu au turubai la kuanikia kimea, na afisa afya anayekuja kukagua nafaka kabla haijafika mtungini, kama wale waonjaji wa Uingereza walivyofanya. Zisimlazimishe aifungie chupani pombe yake ili iitwe ya kisasa. Siku itakapojifunza kungoja, haitakuwa yake tena. Na wewe msomaji, ukipita Nyamwaga au Mugumu siku ya soko na kuingia kilabuni, hakikisha mwenyewe ameonja kwanza, lipa bila kuvutana bei, ondoka kabla giza halijaingia. Kisha mwite kwa jina linalomstahili: fundi.