"Diski Ngumu" na "Kiendeshi": Istilahi Zinazompotosha Mnunuzi

Istilahi hupimwa kwa kazi inayowafanyia watumiaji wake, wala si kwa nafasi yake katika orodha. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa kipimo hicho istilahi mbili za kompyuta, yaani *diski ngumu* na *kiendeshi*.

Mwandishi wa makala haya alikwenda dukani kutafuta kifaa kipya cha kuhifadhia data, ili kompyuta yake iliyozeeka iongezeke kasi na ipunguze kelele. Aliomba "diski ngumu yenye kasi, isiyovuma". Alipewa diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika badala ya ile ya zamani ya mara 5,400. Kasi iliongezeka kidogo, na mvumo nao ukazidi. Muuzaji hakukosa: aliombwa diski, akatoa diski. Kosa lilikuwa la neno.

Sifa ya *ngumu* ina historia yake. Kampuni ya IBM ilipotoa mtambo wa RAMAC mwaka 1956, data ziliwekwa juu ya sahani 50 za metali zenye upana wa inchi 24. Katika miaka ya 1970 zilienea diski laini za plastiki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa alama ya kutofautisha. Leo diski laini zimekwisha kutoweka katika matumizi ya kawaida, na *ngumu* imebaki bila mwenziwe. Tena katika Kiswahili neno hilo lamaanisha pia jambo lenye shida.

Ama *kiendeshi*, chaweza kutetewa pale penye mota inayozizungusha sahani. Lakini vifaa vingi vinavyouzwa siku hizi havina sahani wala mota. Data hukaa ndani ya chipu. Humo hakiendeshwi kitu.

Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Katika diski, kichwa cha kusomea hakina budi kusogea, kisha kungoja mahali panapotakiwa pazunguke mpaka pafike chini yake; kazi hiyo huchukua milisekunde kadhaa. Katika chipu hakuna safari wala kungoja huko, na data hupatikana kwa muda ulio chini sana ya milisekunde moja. Kwa hiyo katika diski kasi na utulivu hushindana, kwani mzunguko ukizidi, mvumo nao huelekea kuzidi. Katika chipu mambo hayo mawili huenda pamoja. Istilahi inayovifunika vifaa vyote viwili kwa jina moja humficha mnunuzi jambo lile hasa analohitaji kulijua.

Mtu aweza kupendekeza *hifadhi ya hali mango*, kwa kufuata jina la kigeni neno kwa neno. Tafsiri hiyo haisaidii, maana sahani ya metali nayo ni mango. *Hifadhidata* nayo haifai, kwa kuwa imekwisha kupewa dhana nyingine.

Pendekezo letu ni *kihifadhi* kwa jumla, kisha *kihifadhi cha diski* na *kihifadhi cha chipu*. Neno limeundwa kwa kiambishi ki- cha vifaa, na sifa inayofuata yaeleza kilichomo ndani. Itasemwa kwamba *kihifadhi* hutumika pia kwa dawa ya kuzuia chakula kisioze. Ni kweli, lakini muktadha wa duka la kompyuta hauwezi kuleta utata huo. Diski nayo haipotezi heshima yake: bei yake kwa kiasi kilekile cha data ni nafuu, hivyo yafaa kwa kumbukumbu nyingi zisizofunguliwa kila siku.

Pingamizi kubwa zaidi ni mazoea. Watu wamekwisha kuzoea *diski*, na mazoea hayavunjwi kwa amri. Lakini mwenye fedha ya kununulia kifaa kimoja tu anastahili neno litakalomfikisha kwenye kifaa anachokihitaji. Wasomaji wanaombwa kulijaribu pendekezo hili madukani na maofisini, kisha watoe hukumu yao.