Nani Aliyeanza? Ushahidi wa Mashuhuda Juu ya Mwanzo wa Rege

Ni nadra mtafiti wa sanaa za umma kubahatika kuwapata watu waliokuwapo siku utanzu ulipozaliwa. Aliyeimba utumbuizo wa kwanza hajulikani, wala hapana wa kuulizwa. Rege ni kinyume cha hayo. Muziki huu ulijitokeza mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1968, na wengi wa wale waliokuwamo studioni waliishi hadi karne ya ishirini na moja, wakihojiwa tena na tena. Kitabu cha Stephen Davis, Reggae Bloodlines, kilitoka mwaka 1977 wakati mambo yangali mabichi. Kile cha David Katz, Solid Foundation, kilichotoka mwaka 2003, kimejengwa juu ya sauti za mashuhuda wenyewe. Hata hivyo, kadiri mashuhuda hao walivyozidi kuhojiwa, ndivyo jibu la swali jepesi kabisa, yaani nani aliyeanza, lilivyozidi kukimbia.

Madai yenyewe yajulikana. Toots Hibbert wa kundi la Maytals ana wimbo wa mwaka 1968, "Do the Reggay", ambao ndio uliolitia jina hilo katika anwani ya santuri. Wafuasi wa Studio One hutaja "Nanny Goat", ulioimbwa na Larry Marshall na Alvin mwaka huo huo. Bunny Lee hakuchoka kuutaja "Bangarang" wa Stranger Cole na Lester Sterling, ambao yeye mwenyewe aliutayarisha. Lee Perry naye alikuwa na "People Funny Boy", na simulizi la usiku alipopita karibu na kanisa la Wapokomania, akasikia waumini wakiimba, akaazimia kuutia mwendo ule katika santuri. Nyimbo zote hizi ni za mwaka mmoja, na kila shahidi anaapa.

Waandishi wa historia wameyapokea madai haya kwa namna mbili. Wako wanaopima tarehe na kumvika mmoja taji. Wako pia wanaokata tamaa na kusema kwamba kumbukumbu za wazee haziaminiki, kwa hivyo tuziweke kando tusikilize santuri peke yake. Njia zote mbili zina kasoro moja: zinauchukua ushahidi huu kana kwamba ni taarifa ya karani, ilhali kwa fani yake ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake. Msomaji aliyezoea majigambo ya Wahaya hatapata taabu kuutambua. Msimulizi husema kwa nafsi ya kwanza, hujitaja kwa jina lake la sifa, hutaja mahali na saa, humtaja mpinzani aliyeshindwa, na hufunga kwa ushindi. Katika majigambo hakuna anayemwuliza mwenye kujigamba kama kweli aliwaua maadui saba au wawili. Linaloulizwa ni haki yake ya kusimama mbele ya watu na kusema.

Na haki ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Hadi mwaka 1993 Jamaika ilikuwa ikitumia sheria ya hakimiliki ya Waingereza ya mwaka 1911, ingawa kisiwa kilipata uhuru tarehe 6 Agosti, 1962. Mpiga gita la besi alilipwa ujira wa siku akaenda zake. Mwimbaji mara nyingi alipewa kitu kidogo, na mwenye studio akaandika jina lake mwenyewe mahali pa mtunzi. Karatasi ilikuwa upande wa mtayarishaji. Msanii hakubaki na hati yoyote ila kumbukumbu yake, na kumbukumbu isiyo na hati hulazimika kupaza sauti. Kwa hivyo mzee anaposema "mimi ndiye niliyeanza", asidhaniwe kuwa ni majivuno matupu: anafungua kesi ambayo hakuna mahakama iliyoisikiliza.

Mara moja moja mahakama ilisikiliza. "Oh Carolina", wimbo uliorekodiwa na Folkes Brothers mwaka 1960 chini ya Prince Buster, ulirudiwa na Shaggy mwaka 1993 ukavuma Uingereza na kwingineko. Ndipo likazuka swali la nani aliyeutunga. Mahakama ya London iliamua mwaka 1994 kwamba mtunzi ni John Folkes. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Kesi kama hiyo inaonyesha kwamba ugomvi wa kumbukumbu si soga za vilabuni. Nyuma yake kuna fedha, na kuna watu waliozeeka bila fedha hizo.

Haishangazi basi kwamba nyimbo zenyewe za kipindi hicho zimejaa ugomvi. "People Funny Boy" ni shambulio la Perry dhidi ya Joe Gibbs, aliyekuwa mwajiri wake. Gibbs alijibu kwa wimbo wake, "People Grudgeful". Kabla yao, mwaka 1963, Prince Buster na Derrick Morgan walirushiana maneno kwa santuri mbele ya mji mzima. Anayeyajua malumbano ya Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu ataona kwamba sanaa ya kujibizana haihitaji kuelezwa kwa nadharia za mbali. Tofauti ni kwamba huko Lamu na Mombasa waliokuwa wakipiganiwa ni miji, na huko Kingston ilikuwa ni ujira. Aliyesoma mahojiano ya Perry ya baadaye bila kuusikia wimbo huu amekosa nusu ya mahojiano, kwa maana mahojiano ni beti zilizoendelea.

Lakini mahali ushahidi unapomhusu zaidi mwanaisimu ni katika neno lenyewe. Toots alisimulia kwamba lilitokana na "streggae", neno la mitaani la kumwita mwanamke asiyejitunza kwa mavazi na mwenendo, na kwamba lilimponyoka katika mazungumzo ya utani. Wapo wanaosema aliyeligeuza neno hilo hilo ni Clancy Eccles. Kwa Bunny Lee asili ni tanakali: ndivyo kinanda kilivyolia. Bob Marley alilipeleka mbali zaidi, akasema ni neno la asili ya Kihispania lenye maana ya muziki wa mfalme. Kamusi ya Kiingereza cha Jamaika ya Cassidy na Le Page, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1967, inalo neno "rege-rege", ambalo maana zake ni matambara, na pia ugomvi. (Tahajia ya Kiswahili, "rege", imeangukia bila kukusudia kwenye umbo hilo la kamusi.)

Hapa kuna somo ambalo wanahistoria wa muziki wamelipita mbio. Simulizi la Toots na kamusi havikupangwa pamoja, na bado vyote viwili vinaelekea kwenye nguo chakavu. Simulizi hilo halimpi Toots sifa yoyote. Linamfanya mtu aliyeteleza ulimi. Ushahidi usiomfaidi msemaji una uzito kuliko ule unaomtukuza, na kwa kipimo hicho maelezo ya matambara yanastahili kuaminiwa kuliko maelezo ya mfalme. Hata hivyo maelezo ya Marley yasitupwe. Haile Selassie aliitembelea Kingston tarehe 21 Aprili, 1966, na kwa Warastafari neno "mfalme" halikuwa tamathali ya usemi. Kuuchukua muziki ulioitwa kwa jina la matambara na kulitafsiri jina hilo upya kuwa la kifalme ni tendo la watu waliokwisha kuitwa wachafu. Kama etimolojia, dai hili ni dhaifu. Kama ushahidi wa mawazo ya wakati wake, halina mfano.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa muziki. Madai ya "mimi wa kwanza" hutofautiana, ila wapigaji wanapoeleza walichofanya kwa mikono yao, wanakaribiana mno. Rocksteady, iliyotawala tangu mwaka 1966, ilikuwa ya mwendo wa taratibu. Mwaka 1968 mwendo uliharakishwa, gita likakwaruza mapigo dhaifu kwa mkato mkali, na kinanda kikajaza nafasi zilizobaki kwa mchezo wa haraka wa vidole. Kumbukumbu ya mkono haina mshindani wa kumshinda, kwa hivyo haina sababu ya kusema uongo. Inasikitisha kwamba wahojaji wengi waliuliza sana juu ya majina na tarehe, wakauliza kidogo juu ya vidole.

Pamoja na hayo, majigambo ni sanaa ya walio hai, na hasa ya wanaume. Marcia Griffiths aliimba "Feel Like Jumping" mwaka ule ule wa 1968, na Sonia Pottinger alikuwa akitayarisha santuri zake mwenyewe katika biashara iliyojaa wanaume. Katika orodha za walioanza, majina yao hutajwa mwishoni, yakitajwa. Larry Marshall alifariki mwaka 2017, Toots na Bunny Lee mwaka 2020, Perry mwaka 2021. Hawa angalau walisema. Leslie Kong, mwenye duka la Beverley's, ndiye aliyeutayarisha "Do the Reggay", na ndiye aliyeutayarisha pia "Israelites" wa Desmond Dekker, uliofika kileleni Uingereza mwaka 1969. Alifariki mwaka 1971, kabla wahojaji hawajafika. Wengi wanamsimulia yeye, baadhi kwa shukrani na baadhi kwa shutuma za ujira, na katika mlundo wote wa ushahidi wa mwaka 1968 hakuna ukurasa unaosema kwa sauti yake.