Matini ya Wimbo: Beatles Kati ya 1963 na 1967

Uhakiki wa nyimbo za roki na pop za Uingereza aghalabu umeyashika maneno ukaiacha sauti. Mwaka 1967 kundi la Beatles lilipotoa santuri ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, maneno ya nyimbo zake yalichapishwa nyuma ya jalada. Msikilizaji akawa msomaji, na mhakiki aliyezoea shairi la kitabuni akajiona yuko kwake.

Lakini mageuzi ya miaka ile hayakuwa ya maneno hasa. Februari 11, 1963, nyimbo 10 kati ya 14 za santuri yao ya kwanza zilirekodiwa London kwa siku moja. Studio ilizihifadhi tu, kama mkusanyaji wa ngano anasapo sauti ya fanani. Miaka mitatu baadaye uhusiano huo ulikuwa umepinduka. "Tomorrow Never Knows", wimbo wa mwisho katika Revolver (1966), uliundwa kwa vipande vya utepe vilivyounganishwa ncha kwa ncha vikazungushwa pamoja, na sauti ya John Lennon ikapitishwa katika spika izungukayo iliyokusudiwa kinanda. Hakuna wimbo hata mmoja wa Revolver ulioimbwa katika ziara zao za mwaka huo, zilizokoma San Francisco Agosti 29.

Hapa ndipo istilahi za fani na maudhui, kama zitumikavyo madarasani, zinapolegea. Mwanafunzi akipewa maneno matupu ya wimbo huo ataandika juu ya kifo na tafakuri, atataja takriri, atapata alama nzuri, naye hatakuwa ameugusa. Katika "A Day in the Life" (1967), wanamuziki 40 wa okestra waliagizwa wapande kutoka sauti ya chini ya ala zao hadi ya juu, kila mmoja kwa mwendo wake. Mpando huo ndio unaobeba hofu ya wimbo, na maneno yaliyochapwa hayaudokezi.

Yaweza kujibiwa kwamba Bob Dylan alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2016. Ni kweli, na alistahili. Ila tuzo ile ilitaja mapokeo ya wimbo wa Kimarekani, si ukurasa.

Msomi wa Kiswahili hana udhuru katika jambo hili. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu lakini ulighaniwa, na hati haikuyaonyesha mahadhi. Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka: mahadhi ya utenzi mmoja huweza kuchukuliwa na mwingine, ilhali sauti ya "Tomorrow Never Knows" haitengani na utepe wake. Utepe ndio matini, nao una tofauti za nakala kama miswada: baadhi ya santuri za kwanza za mono za Revolver zilitoka na mchanganyo mwingine wa wimbo huo, na mhakiki anapaswa kusema ni upi aliousikia.