Neno Lililomkaba Gloria

Mwanasaikolojia Carl Rogers alipewa nusu saa tu ya kumsikiliza mteja. Ilikuwa mwaka 1964 huko Marekani, kamera zikirekodi, na mbele yake ameketi mama mmoja aliyeachana na mumewe, ambaye wanafunzi wa saikolojia humjua kwa jina moja: Gloria. Baada yake mama huyo alizungumza pia na wataalamu wengine wawili wa tiba ya kisaikolojia, Fritz Perls, kisha Albert Ellis. Filamu hiyo, aliyoitayarisha Everett Shostrom, ilitoka mwaka 1965 na imetumika kuwafundisha wanasihi wengi tangu hapo.

Shida ilikuwa hii. Binti wa Gloria, mwenye miaka 9, alimuuliza mama yake kama amewahi kulala na mwanamume tangu atalikiane na baba yake. Akajibu hapana. Ulikuwa uongo, na uongo huo ukawa unamtafuna. Alitaka Rogers amwambie waziwazi: mtoto akiambiwa ukweli, ataumia? Rogers hakumpa jibu, na Gloria alilidai tena na tena.

Wengi huitazama filamu hii wakaondoka na somo la kuitikia kwa kichwa na kuguna kwa upole. Nadhani ufundi wenyewe uko kwingine, katika maneno aliyoyaacha yapite na yale machache aliyoyadaka. Gloria anataja hatia mapema sana. Mnasihi mwenye haraka angeirukia palepale, kwa kuwa ni hisia na tayari ina jina. Lakini neno la hisia linalotoka kwa wepesi mara nyingi limekwisha poa. Mwenyewe amejiambia mara mia kabla hajafika kwako. Rogers anangoja. Anachokishika ni ule mkwaruzo uliomo ndani ya sentensi: Gloria anataka kujikubali, na matendo yake mwenyewe hayamruhusu. Kumbe mtoto si hakimu peke yake.

Kisha inafika sehemu ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine zote. Gloria anasimulia jinsi alivyotamani kwa miaka kumwacha mumewe, na jinsi siku alipoondoka alivyojua bila shaka kwamba ndiyo sawa. Nyakati kama hizo, anasema, ni kama kuishi katika ulimwengu usio na kasoro. Rogers anamjibu taratibu kwamba anahisi, katika nyakati hizo, Gloria huwa mzima, yaani kipande kimoja. Gloria anasita. Anasema maneno hayo yanamkaba koo, kwa sababu hali hiyo ya uzima haipati mara nyingi anavyotaka.

Rogers alilitoa wapi neno hilo? Gloria hakuwa amelitamka. Ila muda wote alikuwa akijieleza kama watu wawili: mama safi mbele ya mtoto, na mwanamke mwingine mlango ukifungwa. Neno "mzima" ni kinyume cha mpasuko huo. Rogers alilikusanya kutoka katika mazungumzo yote, akalitoa kwa "nahisi" ili Gloria awe huru kulikataa. Na ushahidi kwamba alilenga haukuwa ufasaha wa sentensi yake. Ulikuwa koo la Gloria.

Tafsiri yetu hapa ina mtego wake. "Mzima" kwetu ni neno la salamu: mzima? Mzima. Limesuguliwa hadi halisikiki. Msikilize basi yule anayeulizwa hivyo, akanyamaza kidogo, akashusha pumzi, halafu akajibu "mzima". Kamusi haitakuonyesha uzito huo. Uko katika kile kimya kilichotangulia.

Sikio la Rogers halikushuka kutoka mbinguni. Kuanzia mwaka 1940, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, yeye na wanafunzi wake walirekodi mazungumzo ya unasihi kwenye sahani za santuri, ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu. Mwaka 1942 alichapisha mazungumzo yote manane na mteja aliyempa jina la Herbert Bryan. Walipozisikiliza rekodi zao waliweza kunyooshea kidole sentensi hasa ambayo mnasihi aliisema na mteja akajifunga. Ni kazi ya kuchosha, na sijui njia ya mkato.

David Grove, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia kutoka New Zealand aliyebuni mbinu yake katika miaka ya 1980, asingethubutu kuongeza neno kama Rogers alivyoongeza "mzima". Yeye alikuwa akimrudishia mteja maneno yake yaleyale, kisha akimuuliza: hilo ni la namna gani? Kuna nini kingine kulihusu? Kwa anayeanza kazi hii, awe mnasihi au kocha, ningemshauri afuate njia ya Grove. Mama akikwambia moyo wake umekuwa mzito, muulize kuhusu huo uzito. Usimwandikie "msongo wa mawazo" na kusonga mbele. Kuongeza neno kama Rogers kunahitaji uwe umesikia mengi kabla yake.

Hata Rogers mwenyewe, kwa maoni yangu, aliteleza mahali pamoja. Karibu na mwisho Gloria anasema angependa kuwa na baba kama yeye. Rogers anajibu papo hapo kwamba anamwona kama binti mzuri. Wafuasi wa Freud wamemlaumu kwa kutoichambua hamu hiyo. Lawama yangu ni ndogo zaidi: alijibu upesi mno. Neno "baba" halikupewa nafasi ya kutua.

Ila lilikuwa zito kweli. Gloria aliendelea kuwasiliana na Rogers kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 1979. Siku moja, wakila chakula cha mchana pamoja, aliwauliza Rogers na mkewe Helen kama wangekubali awahesabu kuwa wazazi wake wa kiroho. Walikubali.