Alama ya Kidole Ina Mwenyewe

Miongoni mwa makada na wanafunzi wetu umeenea usemi kwamba asiye na la kuficha hana haja ya kuogopa kuchunguzwa. Usemi huu unajifanya wa kimapinduzi. Kwa kweli ni kasumba, na hatuna budi kuukosoa waziwazi.

Tuanze na historia. Enzi za ukoloni, manamba katika mashamba ya mkonge ya Korogwe alipewa kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku aliyofanya kazi, mpaka zitimie siku 30. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilibeba alama za vidole, na mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Watu hao hawakuwa na la kuficha. Hata hivyo bwana shamba alijua habari zote za mfanyakazi, na mfanyakazi hakujua lolote la hesabu za bwana. Swali la msingi ni hili: nani anaandika habari za nani, na kwa faida ya nani?

Swali hilo bado lipo. Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo la kuzuia utapeli lilikuwa halali. Lakini iko hila inayojulikana nchini kote, nayo yaweza kumkuta mkulima gulioni Handeni au msafiri stendi ya Korogwe. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja, "Weka tena kidole, hakijasoma." Kidole cha pili husajili laini nyingine, nayo huuzwa kwa tapeli. Wizi ukifuatiliwa, jina linaloonekana ni la mkulima wa mahindi. Hakuwa na la kuficha, lakini amebebeshwa kosa la mwingine.

Haki inayovunjwa hapa imo katika Katiba. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake ya ndani, makazi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa haki hiyo meno. Anayekusanya taarifa lazima aseme anazitaka kwa kazi gani; mwenye taarifa anaweza kuziona, kudai zisahihishwe na kulalamika mbele ya Tume. Hii ni hatua ya mbele.

Pamoja na hayo, Sheria ina kasoro mbili. Kwanza, inatoa msamaha kwa sababu ya usalama wa Taifa na maslahi ya umma. Usalama wa Taifa lazima ulindwe. Lakini maneno mapana yakiachwa mikononi mwa mtendaji mjeuri, maslahi yake mwenyewe yatapewa jina la umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ujeuri na uonevu wa viongozi, na kompyuta haikubatilisha onyo hilo. Pili, Sheria inamfaa anayeijua. Haki ya kulalamika haimsaidii mwanakijiji asiye na wa kumwandikia malalamiko.

Kazi ya kada iko wazi. Afundishe wananchi kupiga *106# ili waone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Tawi limsaidie aliyedhulumiwa kuandika malalamiko. Balozi na mtendaji wa kijiji waandike yale tu ambayo kazi inahitaji, wala orodha za majina na namba za simu zisiazimwe wafanyabiashara. Na anayetaka kidole cha mwananchi aulizwe kwanza, mbele ya watu: unakitakia nini? Asiyeweza kujibu asipewe.