Msuli, Jamani! Nimeusikia Ukifanya Kazi Tabora

Rafiki yangu, acha hicho unachofanya unisikilize kidogo! Bega linawaka, mapaja yanacheza yenyewe, na siwezi kutulia hata kidogo, maana nimetoka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, na huko nimekutana na msuli. Ndiyo, msuli! Huu huu ulio nao wewe tangu tumboni mwa mama yako, unaokubeba kutwa kucha bila kudai shukrani. Ni kitu kikali, kijanja, kitiifu, cha kushangaza mno mno, na bado!

Ngoja nikupeleke njiani. Ile njia ya udongo mwekundu inayopita chini ya miembe mikubwa mikubwa, karibu na nyumba ya tembe alimokaa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872, ndiyo njia ya misafara yenyewe. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 1,200, na katikati yake ndipo Unyanyembe, yaani Tabora hii hii. Pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo na shanga na waya wa shaba vikipanda bara. Mbung'o walikuwa wakiwamaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo mali yote ile, gunia kwa gunia, pembe kwa pembe, ilipita juu ya bega la binadamu. Na bega lililosifika kuliko yote lilikuwa la Mnyamwezi. Watu wa pwani walipenda kujitwika kichwani, Mnyamwezi begani! Tangu utotoni kijana alibeba kipembe kidogo ili azoee. Wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira na posho, na kazi hiyo iliwapa heshima nyumbani. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, ambao misuli yao hakuna aliyeiomba ruhusa, na ukisimama pale chini ya mwembe ukalikumbuka hilo, koo linakukaba.

Basi nikataka kujua bega lile lilisikia nini. Nikamwamkia mzee mmoja mwenye shamba la karanga, "Mwangaluka, baba," nikamwomba anitwike kiroba. Akafurahi sana. "Haya mwanangu, simama sawasawa, kaza mguu." Kilo thelathini hivi, karibu sana na frasila mbili, uzito wa mzigo wa mpagazi wa zamani.

Weee! Mzigo ulipotua tu, kabla sijavuta pumzi, misuli ya kati ya shingo na bega ikajikusanya, ikavimba, ikawa migumu ya kugonga. Sikuiamuru! Mgongo ukajinyoosha, mapaja yakakaza, mashavu ya miguu yakashika ardhi, kila kimoja kwa kiasi chake, kwa wakati wake, bila kugombana. Nikaanza kutembea, na hapo ndipo utamu ulipokolea. Ukiweka kiganja pajani huku unatembea unausikia kabisa: unakaza, unalegea, unakaza, unalegea, mzima, moto, hai! Na ujue jambo moja litakaloku­shangaza kama lilivyonishangaza mimi: msuli haujui kusukuma. Hata kidogo! Unajua kuvuta tu. Hata ukisukuma baiskeli iliyojaa mkaa mlimani, ndani ya mwili wako hakuna kinachosukuma. Misuli inavuta kano, kano zinavuta mifupa, mifupa ndiyo inayosukuma. Misuli zaidi ya 600, na yote inavuta!

Jioni mwalimu mmoja wa baiolojia akanitegea hadubini. Jamani, jamani! Nilidhani nitaona nyama tu. Nikaona nyuzi ndefu, zimelala sambamba, kila uzi umevikwa ngozi yake nyembamba, nyuzi nyingi zimefungwa fungu, mafungu yamefungwa tena pamoja, na kila uzi una mistari! Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, imepangika vizuri ajabu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila uzi ni seli moja, seli moja yenye viini vingi vingi vilivyosogezwa pembeni kupisha kazi. Nikakataa kuondoa jicho.

Na ile mistari ndiyo siri yenyewe. Ndani yake kuna nyuzi ndogo zaidi za protini, nene zinaitwa mayosini, nyembamba zinaitwa aktini. Neva ikileta amri, kalisiamu inamwagika ndani ya seli, aktini inafunguka, na vichwa vidogo vya mayosini vinaikamata vikaanza kuvuta vile wavuvi wanavyovuta kamba ya kokoro ufukweni Kigoma: shika, vuta, achia, shika mbele. Nyuzi hazifupiki zenyewe. Zinapishana tu, zinateleza moja ndani ya nyingine, na msuli mzima unakuwa mfupi! Jambo hili liligunduliwa mwaka 1954 na makundi mawili kwa mpigo, yakachapishwa katika toleo moja la jarida la Nature, na kila kundi lilikuwa na mtu anayeitwa Huxley, Andrew huku na Hugh kule, wala si ndugu. Na bado! Unajua kinachohitaji nishati ni nini? Si kuvuta peke yake. Ni kuachia pia! Kichwa cha mayosini kikikosa ATP, ile nishati ya seli, kinabaki kimeng'ang'ania pale pale. Ndiyo maana maiti hukakamaa. Kwa hiyo kila unapolegeza bega mwisho wa siku, raha ile unaisikia kwa gharama, nishati inatumika hapo hapo. Mimi tangu nilijue hilo hata kukaa kwenye mkeka kumekuwa na ladha mpya.

Halafu joto! Takriban robo tatu ya nishati ya msuli unaofanya kazi inageuka joto, na nakuhakikishia, asubuhi ile ya baridi ya kipupwe, nilipofika mwembe wa pili jasho lilikuwa linatiririka. Ndiyo maana mwili ukipata baridi unatetemeka: misuli inawashwa makusudi ili ikupashe.

Sokoni nilinunua kuku wa kienyeji, nikamtazama kwa macho mapya kabisa. Paja jekundu, kidari cheupe! Kumbe paja limejaa nyuzi za taratibu, zinazotunza oksijeni ndani yake kwa protini nyekundu, zinazoweza kutembea kutwa nzima bila kuchoka. Kidari ni cha kupapatika mara moja tu, puu, basi. Sisi zetu zimechanganyika ndani ya msuli mmoja, lakini ndani ya shavu la mguu, chini kabisa, umo msuli mmoja uliojaa nyuzi za taratibu, na huo ndio uliowasimamisha wapagazi kutoka ziwani hadi baharini. Mazoezi hayaongezi sana idadi ya nyuzi. Yanazinenepesha, yanaziongezea mishipa ya damu na mitokondria, yale majiko ya nishati ndani ya seli. Yule mtoto wa kipembe kidogo alikuwa anajengwa, hatua kwa hatua, mwaka kwa mwaka!

Na nilipokuwa natembea vile, kulikuwa na msuli mwingine uliokuwa unagonga masikioni, du, du, du. Moyo! Kwenye hadubini nao una mistari, lakini nyuzi zake zimetawanyika matawi, zimeshikana vichwa kwa vichwa, ili amri ikigusa moja zote zisikie. Unajipigia wenyewe mdundo, kama mara 100,000 kwa siku, bila likizo. Hapo Kwihara huwezi kuufikiria moyo bila kuwafikiria Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa huko huko, na mwili wake akina Susi na Chuma na wenzao wakaubeba kwa mabega, wakapita hapa hapa Kwihara, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Miezi na miezi! Nilisimama mbele ya ule mlango wa tembe nikiwa nimeshika bega langu linalouma, na nakwambia, nywele zilisimama. Na hata kusimama kwa nywele ni msuli! Karibu kila unywele una kamsuli kake kadogo, laini, kasiko na mistari, kasikongoja amri yako. Ndugu zake wamo kwenye utumbo, kwenye mishipa ya damu, kwenye mboni ya jicho, kwenye mfuko wa uzazi. Polepole, hawachoki, hawasemi.

Baadaye nikapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na asali ya Tabora, ile nyeusi nzito ya miombo. Sukari ile msuli uliofanya kazi unaivuta kutoka kwenye damu kwa hamu kubwa, na nakuapia niliisikia nguvu ikirudi mpaka vidoleni. Kesho yake ndipo maumivu yalipokuja, hasa ya pale nilipokuwa nashusha mzigo, kwa sababu msuli unaorefuka huku umeshikilia uzito ndio unaochanika vijichaniko vidogo vidogo. Maumivu matamu! Ni ukarabati unaendelea.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na mabega yale yakapumzishwa, lakini treni ya reli hiyo hiyo ndiyo itakayokupeleka wewe. Nenda, tafadhali, nenda! Fika Kwihara asubuhi kabla jua halijawa kali, usisome kibao kwanza. Omba mzigo, nyanyua polepole kwa magoti, tembea hadi mwembe wa tatu, na mkono mmoja uuweke pajani muda wote.