Droo Inayoosha Vyombo: Kitui na Makueni Itakwamishwa na Chumvi

Mtu wa Kitui au Makueni akitajiwa mashine ya kuosha vyombo, huuliza kwanza: itapata wapi maji? Ana haki ya kuuliza. Katika kaunti hizi mbili familia nyingi hupima maji kwa mtungi wa lita 20, na msimu wa kiangazi mtungi huo hununuliwa au hubebwa na punda kutoka mtoni. Lakini ukiifungua mashine na kuyafuata maji tangu yanapoingia hadi yanapotoka, utagundua kwamba wingi wa maji ndilo tatizo lake dogo kuliko yote. Tatizo kubwa ni kile kilichoyeyuka ndani ya maji hayo.

Tuangalie ile ya droo. Kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand iliitoa mwaka 1997. Mashine za kawaida zina mlango unaofunguka kwa kulala mbele. Hii beseni lake zima huvutwa nje, vyombo vikapangwa kutoka juu. Ikiwa na droo mbili, kila droo ina mota yake, hita yake na mkono wake wa kunyunyizia, hivyo moja yaweza kufanya kazi huku nyingine imelala.

Maji huingia kupitia vali ya umeme. Vali hiyo hukaa imefungwa kwa springi, na hufunguka tu koili yake ikipata umeme. Stima ikipotea katikati ya kazi, springi huifunga na jikoni hakufuriki. Lita chache zikishaingia, takriban tatu au nne, vali hufungwa. Kiasi hicho kidogo hukusanyika sakafuni mwa beseni, na hapo ndipo kazi huanza.

Mota moja, kazi mbili

Chini ya beseni kuna mota isiyo na brashi, inayoendesha pampu. Ikizunguka upande mmoja, husukuma maji hadi kwenye mkono wa kunyunyizia. Ikigeuka upande wa pili, huyatoa nje kwenye bomba la taka. Mashine nyingi za mlango hutumia pampu mbili kwa kazi hizo. Wahandisi wa droo walilazimika kubana nafasi, kwa sababu kila kilichowekwa chini ya beseni kilipunguza kimo cha sahani zinazoweza kuingia.

Mkono wenyewe hauna mota. Matundu yake yametobolewa kwa mshazari, na maji yakichomoka upande mmoja, mkono husukumwa upande wa pili. Maji hugonga vyombo, hudondoka, hupita kwenye chujio, hurudi kwenye pampu na kurushwa tena. Lita zilezile husafiri mara nyingi kabla ya kutupwa. Kisha huingizwa nyingine za kusuuza, na pengine za kusuuza mara ya pili. Kwa modeli nyingi za droo moja, programu ya kawaida humalizika kwa lita 10 hivi au pungufu. Hiyo ni nusu ya mtungi, na anayeosha kwa beseni mbili, la sabuni na la kusuuza, anaweza kumaliza mtungi mzima kwa vyombo vya mlo mmoja.

Hita hupasha maji yakiwa mlemle ndani. Kupasha lita 4 kutoka nyuzi 22 hadi 60 huhitaji takriban uniti 0.18 za umeme. Ukipasha na maji ya kusuuza kiasi hichohicho, unafika 0.36, kabla ya kuhesabu mota na feni ya kukaushia. Joto hilo lina kazi mahususi: vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni ya mashine huvunja wanga wa ukoko wa ugali na protini ya maharagwe ya isyo (mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja) vizuri zaidi maji yakiwa vuguvugu kuliko yakiwa baridi. Sabuni ya kawaida ya majimaji haifai, kwa sababu ya povu. Pampu ikimeza povu badala ya maji, presha huanguka, mkono husimama na vyombo hutoka vichafu.

Kifuniko na mipira

Mlango wa kawaida hubanwa na kufuli ukakaza mpira wake. Droo haiwezi kufanya hivyo, maana huingia kwa kuteleza. Suluhisho lake ni kifuniko kilichofichwa ndani ya fremu. Droo ikishafungwa, mota ndogo hukishusha kifuniko hadi kikakandamiza ukingo wa beseni. Kazi ikiisha, kifuniko hunyanyuka, na ndipo droo huvutika.

Gharama ya ubunifu huo iko nyuma. Mipira ya maji na nyaya haziwezi kufungwa mahali pamoja, kwa kuwa beseni huenda na kurudi kila siku. Hukunjwa na kukunjuka ndani ya mkono wa plastiki unaosafiri na droo. Fundi anayeitwa kuangalia uvujaji huanzia hapo na kwenye mpira wa kifuniko. Chini kabisa ya fremu kuna kihisio cha mafuriko: maji yakikifikia, mashine husitisha kazi na kuonyesha hitilafu.

Pale maji ya kisima yanapoingia

Sasa tuilete mashine hiyo Ukambani. Visima vingi vilivyochimbwa Kitui na Makueni hupita kwenye miamba ya kale, na maji yake mara nyingi huwa magumu, ya chumvi, au yote mawili. Wakazi wanayajua: sabuni haitoi povu, na birika hubaki na ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ni kabonati ya kalsiamu, inayoganda maji yanapochemshwa. Ndani ya mashine hujenga tabaka juu ya hita, na hita iliyovaa chokaa hupitisha joto kwa shida, ikala umeme zaidi na kuchakaa mapema. Matundu ya mkono huziba moja baada ya jingine, mkono ukapoteza msukumo.

Baadhi ya modeli huwa na kilainisha maji, yaani chombo chenye punje za rezini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, rezini hunasa kalsiamu na magnesiamu na kuachilia sodiamu. Ikijaa, husafishwa kwa maji ya chumvi ambayo mwenye mashine huijazia mara kwa mara. Lakini hapa pana mtego. Rezini hutibu ugumu tu. Maji ya kisima chenye chumvi ya kawaida, ile unayoionja ulimini, hupita na kloridi yake yote. Kloridi hutoboa chuma cha pua polepole na kuacha madoa kwenye glasi, hata kilainisha kikiwa kizima. Mwenye kisima basi anapaswa kupima vitu viwili tofauti, ugumu na chumvi, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Presha nayo huhesabika. Kila mita moja ya kimo huongeza takriban bar 0.1. Mashine nyingi huhitaji angalau bar 0.3 hadi 0.5, na zenye kilainisha zinaweza kudai zaidi. Karatasi ya maelekezo husema. Tangi lililokaa chini, usawa wa jikoni, halitatosha likikaribia kuisha. Likiinuliwa mita nne au tano juu ya vali, mvuto wa dunia unatosha bila pampu ya ziada.

Hesabu ya paa

Maji yanayoifaa mashine hii tayari huanguka juu ya mabati. Maji ya mvua karibu hayana kalsiamu wala chumvi, na yale ya vyanzo vya miamba kama vya Mutomo, Kitui, ambako mvua huongozwa kutoka juu ya jiwe hadi kwenye hifadhi, hukaribia ulaini huo. Kiangazi kirefu cha Ukambani huanza Juni na kuendelea hadi mvua za vuli, Oktoba au Novemba. Tuseme ni siku 140. Droo moja inayofanya kazi mara moja kwa siku kwa lita 10 itakunywa lita 1,400, chini ya theluthi moja ya tangi la lita 5,000. Kinachohitajika ni kutupa maji ya kwanza ya msimu yenye vumbi la paa, na kuweka chujio kabla ya vali, kwa sababu mchanga hula pampu.

Maji yanayotoka yasimwagiwe sukuma wiki bila kufikiri. Sabuni ya mashine ni ya alkali, na kilainisha hutema chumvi kila kinaposafishwa. Udongo wa bustani ndogo huchoshwa na sodiamu. Yachimbiwe shimo lake.

Kwa hiyo, anayetegemea kisima cha chumvi aiache mashine hii dukani, hata kama kisima hicho hakijawahi kukauka. Mwenye tangi la mvua lililoinuliwa, stima ya kuaminika na fundi anayeweza kupata mipira ya akiba anaweza kuinunua, ingawa jirani mwenye kisima ana maji mengi kumshinda.